Matairi Membamba ya Mzee Ngurumo

Watu walimwita baba yangu mkubwa Mzee Ngurumo, na mgeni akilisikia jina hilo alitegemea kukutana na mtu wa kufoka. Kumbe ni mpole, sauti yake ya chini, ukitaka kumsikia lazima usogeze kiti. Ngurumo ilikuwa ya gari. Maisha yake yote ya kazi aliendesha foo-wili ya kliniki inayozunguka vijijini, na ilipochakaa, ofisi ikitaka kuitupa, akainunua yeye. Milango yake ilifungwa kwa kubembelezwa, na injini ilisikika gari likiwa bado mtaa wa pili.

Mama mkubwa alikuwa muuguzi wa kliniki hiyohiyo. Walijuana humo ndani, yeye kushoto na sanduku la dawa mapajani, baba mkubwa kulia akihangaika na usukani. Miaka yote walizungumza kwa kupaza sauti, kama watu waliosimama kingo mbili za mto.

Siku moja baba mkubwa alikuja gereji kwangu. Mimi ni fundi wa magari, na gari lake nalijua kuliko ninavyozijua nguo zangu. Akakaa juu ya rimu kuukuu.

"Mama yako mkubwa amepanda basi," akasema hatimaye.

"Kwenda wapi?"

"Kwa binti yetu, kumwona mjukuu. Na mimi nikaenda na gari. Safari moja, siku moja, yeye basi, mimi gari. Nimefika nimemkuta ameshaoga na kupumzika."

Kicheko kilinijia, lakini nilipomtazama usoni nikakimeza.

"Anasema kelele zinamuumiza kichwa," akaendelea. "Na sikio moja limeanza kuwa zito. Simlaumu. Lakini mwanangu, kile kiti cha pembeni nakionea aibu kikiwa kitupu. Nifanyie lolote, mwenzangu arudi."

Tatizo nililijua. Gari lile liliundwa kwa ajili ya milima na matope, gia zake zote fupi, za nguvu na si za mbio. Kwenda kwa binti yao unaanza na lami ndefu, ndipo unaingia njia mbovu. Huko kwenye lami injini ilikuwa inalia kama inachinjwa, na bado malori yalilipita gari. Dawa yake ni ovadraivu, gia ya ziada inayofungwa nyuma ya giaboksi: gari likishashika mwendo unavuta kijiti chake, magurudumu yanaendelea kukimbia na injini inapata kupumua. Nilikumbuka kuna gari kama lile kwa muuza vyuma chakavu, nalo lilikuwa na gia hiyo.

Baba mkubwa akasimama, uso umechanua. "Basi ifungwe! Na matairi nitaweka yale mapana, yenye meno makubwa. Shemeji yangu anasema ndiyo yanayofaa."

Shemeji yake huyo ana maneno mengi kuliko magari.

"Baba mkubwa, meno makubwa kwenye lami yanaimba," nikamwambia. "Tutanyamazisha injini halafu tulete kwaya nyingine chini. Na usukani wako ni mgumu, hauna pampu ya kuusaidia, utaugeuza kwa mabega. Bega lako lenyewe unalijua."

"Kwenye matope je?"

"Tairi jembamba linakata tope mpaka likute ardhi ngumu. Pana linafaa zaidi mchangani, na njia yenu haina mchanga."

Hakukubali. Alikuwa ameyaona dukani, meusi, yamejaa, na moyo wake ulishayapenda. Nikaona maneno hayatasaidia. Kulikuwa na gari la mteja limeegeshwa gereji, limevaa matairi ya aina hiyohiyo, na mwenyewe aliposikia kisa akacheka na kutupa ruhusa. Tukayafunga kwenye gari la baba mkubwa kwa jaribio, tukatoka nayo barabarani.

Hatukufika mbali. Sakafu ilitetema mpaka miwani yake ikamshuka puani. Kwenye kona tairi la mbele likakwaruza springi, na aliporudisha usukani nikamsikia akiguna na kushika bega.

"Haya," akasema tuliporudi, bila kunitazama. "Shemeji asiambiwe."

Ovadraivu nikaifunga, na tukachagua matairi membamba, marefu kidogo kuliko ya zamani, meno yake ya kadiri, ya lami na ya udongo. Marefu zaidi ya hapo nilikataa. Tairi refu nalo hurefusha gia, na ukilichanganya na ovadraivu kupita kiasi, injini ya kizee kama ile haina nguvu ya kuvuta. Nilimweleza hivyo, akaitikia kwa kichwa, kisha siku ya kwanza akapanda mlima wa kwenda hospitali na kijiti kimevutwa. Gari likaishiwa pumzi katikati ya mlima, likaanza kurudi nyuma mpaka akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Muuza maji aliyekuwa nyuma na mkokoteni wake alimpa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Tangu hapo hakunihitaji kumkumbusha: kabla ya mlima, kijiti kinarudi.

Mama mkubwa hakuambiwa chochote. Siku ya safari ilipofika alishuka ngazi na mkoba wa basi begani. Baba mkubwa alikuwa amemfungulia mlango wa gari.

"Mara moja tu," akamwomba. "Usipopenda, nakushusha kituoni."

Akanitazama mimi niliyekaa nyuma. Nilikuwa nakwenda kusikiliza kama gia mpya itatoa mlio. Akapanda, akajiziba masikio kwa pamba.

Mjini kelele ilikuwa ileile. Tulipoingia lami iliyonyooka, baba mkubwa akakanyaga klachi, akavuta kijiti. Injini ikashuka sauti. Upepo ukasikika, na kikombe cha bati kikigonga chini ya kiti.

"GARI LIMEZIMIKA!" mama mkubwa akapiga kelele.

"Halijazimika, mke wangu."

"MBONA LIMENYAMAZA?"

"Toa pamba kwanza."

Akaitoa. Alikaa akilisikiliza gari kama alivyokuwa akisikiliza vifua vya wagonjwa, kichwa amekiinamisha upande. Kisha akacheka polepole.

"Mume wangu, nikwambie kitu? Siku ile unaniomba tuoane, humuhumu ndani, mimi sikukusikia."

Gari likayumba kidogo. "Hukusikia vipi? Nilikuuliza tufunge ndoa, ukajibu funga!"

"Nilisikia tufunge dirisha. Vumbi lilikuwa linaingia."

Nikauma mkono nisicheke.

"Na nilipokuja kwenu na baba yangu?"

"Nilishangaa mpaka nikakaa chini. Nikajiuliza, huyu bwana, kwa dirisha tu?" Akamwekea mkono begani, lile bovu. "Halafu nikasema moyoni, mwache aje. Kwenye mashimo anapunguza mwendo, chupa zangu hazijawahi kuvunjika."

Masikio ya baba mkubwa kwa nyuma niliyaona yanawaka. "Lakini dirisha nililifunga," akasema.

"Ulilifunga vizuri sana."

Mlio wa gia nilisahau kuusikiliza.

Siku hizi kiti hakikai kitupu. Wanasafiri kila wakipata nafasi, na mama mkubwa analalamika kwamba sasa anasikia kila wimbo mumewe anaoukosea. Wiki iliyopita binti yao alinipigia simu akiwa na wasiwasi: chakula kimepoa, wazee hawajafika, gari limeharibika nini? Nikampigia baba mkubwa. Gari lilikuwa zima. Walikuwa wanaongea, wakaipita njia panda, wakafika mji wa mbele kabisa, na hata pale, akaniambia kwa ile sauti yake ya chini, walikuwa wamepaki kando ya barabara kwanza, mama mkubwa amalizie hadithi.