Kitufe cha Kushoto

Kiwandani walimwita Mama Milimita. Kwa miaka kumi na tisa alikata karatasi katika kiwanda cha uchapaji, na wapiga chapa walimtania kwamba nyumbani kwake hata mkate unakatwa kwa rula. "Njooni mpime," alikuwa akiwajibu. Rundo lililotoka mikononi mwake halikuhitaji kuguswa tena.

Mashine yake ilikuwa na kisu kirefu kama mkono wa mtu mzima, na vitufe viwili, kimoja kila upande. Kisu hakikushuka mpaka vyote vibonyezwe pamoja. Mikono yote ikiwa kwenye vitufe, hakuna mkono chini ya kisu.

Msimu wa madaftari ya shule kazi ilizidi. Mama Milimita alikunja kipande cha kadibodi, akakishindilia pembeni mwa kitufe cha kushoto ili kibaki kimezama. Sasa mkono wa kulia ulibonyeza, wa kushoto ukashughulikia rundo linalofuata. Msimamizi wa zamu alikiona. "Leo umewasha moto, mama," akasema, akapita. Hali hiyo ilidumu wiki tatu.

Aliyekuwa akijifunza kazi pembeni yake ni mke wa kaka yake, ambaye yeye mwenyewe alimwombea nafasi. Alimfundisha kama inavyotakiwa: vitufe viwili, mikono miwili. "Kitufe kimoja peke yake ni urembo tu, wifi," alimwambia. "Hakikufanyi kitu." Habari ya kadibodi hakumwambia; kila alipomwachia mashine aliitoa kwanza. Aliona wifi yake bado ni mgeni mno kwa mambo hayo.

Asubuhi moja Mama Milimita aliitwa ofisini kuangalia vipimo vya kazi mpya, akaondoka bila kuitoa ile kadibodi. Wifi yake akaona rundo limekaa upande, akaingiza mkono wa kushoto kulinyoosha. Wa kulia aliuegemeza juu ya kitufe bila wasiwasi. Alishaambiwa hakifanyi kitu.

Alipoteza vidole vitatu.

Katika purukushani ya kutafuta vitambaa na gari, Mama Milimita alichomoa kadibodi akaitia mfukoni. Kesho yake mkaguzi aliijaribu mashine mara kumi kwa kitufe kimoja, nayo ikagoma mara kumi. Ripoti ikasema mfanyakazi alibonyeza cha pili kwa kiwiko ili kuharakisha kazi. Shahidi aliyetia sahihi alikuwa mwalimu wake.

Ilipita miaka minne. Kisha kiwanda kikaajiri afisa wa usalama, mwanamke wa maneno machache, ambaye siku ya kwanza aliwakusanya wote. "Niambieni njia zenu zote za mkato. Hafukuzwi mtu. Nisichokijua siwezi kukizuia."

Kisha mpiga chapa mmoja akasema, "Mimi nafuta rola zikiwa zinazunguka."

"Kitambaa chako kimeshaliwa nusu," mwenzake akadakia. "Umebaki wewe!"

"Nyamaza, na hiyo miwani yako ya kukinga shingo."

Wakacheka, na ndimi zikalegea. Mama Milimita alingoja mpaka watoke wote, ndipo akaeleza, akiwa amesimama. Afisa aliandika hadi mwisho, kisha akauliza, "Aliyeumia mwenyewe anajua?"

Hakujua.

Jumapili alimkuta wifi yake uani akianika nguo, vibanio kavishika kwa meno.

"Wifi, kile kitufe cha kushoto nilikikwamisha mimi, kwa kadibodi."

Akatoa vibanio mdomoni. "Lini?"

"Siku ile. Na wiki tatu kabla yake."

"Kwa hiyo kiwiko changu..."

"Hakikugusa kitu."

Wifi yake akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kaka yako kila siku ananiambia nilikuwa na pupa. Nikamwamini. Nimeirudia siku ile kichwani mpaka nikaanza kukikumbuka hicho kiwiko kikibonyeza. Unanisikia? Nakumbuka kitu ambacho hakikutokea."

"Nisamehe."

"Hayo baadaye. Kaka yako yuko ndani, nenda ukamwambie hivyo hivyo. Halafu ripoti iandikwe upya."

Kaka yake alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka uani kumuuliza mkewe kama amekula.

Leo mashine hiyo imebadilishwa: kitufe kimoja kikikwama, yote inazimika. Mama Milimita aliomba kuhamishiwa ufungashaji. Kila anapoajiriwa mtu mpya, afisa humwita yeye aje aeleze alichofanya, naye hueleza, bila kujipunguzia.

Wifi yake alikuja mara moja tu, kuchukua nakala ya ripoti mpya. Aliisoma langoni, mstari kwa mstari. Afisa akamwambia kuna nafasi ya kukagua vitabu, kazi ya mezani.

"Nilitaka karatasi hii tu," akajibu.

Mama Milimita alimsindikiza hadi barabarani. "Karibu nyumbani," alimwambia.

"Asante, dada," alisema mke wa kaka yake, kwa adabu, kama anayemuaga muuza duka, akavuka barabara.