Bosi Wangu Alisoma Riwaya Yangu, Akafanya Njaa Kuwa Mchezo

Nawasihi, mkichapisha haya, ficheni jina langu, la shirika na hata la kijiji. Hapa Garissa karani akikohoa ofisini, soko la mifugo linajua kifua ni cha nani.

Nina miaka ishirini na miwili, binti wa Kisomali. Ni karani na mkalimani katika shirika linalogawa chakula cha msaada. Mshahara wangu ndio unaomlisha mama na wadogo zangu.

Kuna riwaya niliyoipenda hadi jalada likabanduka. Nchi imeangamia, watawala wamewafungia vijana jangwani, wanawaangushia chakula kidogo makusudi ili wakigombee hadi abaki mmoja. Nilimpenda msichana mmoja humo aliyekataa kugeuka mnyama. Bosi aliniona nayo, akaiazima. Aliirudisha ina madoa ya mafuta ya nyama. "Kitabu kizuri, binti," alisema. "Kinafundisha kuliko semina zetu." Sikumwelewa.

Mwezi uliopita tulipeleka mahindi upande wa Hulugho, ambako ukame umemaliza ng'ombe. Badala ya kuita familia moja moja, bosi alipanga magunia mbali juani, akachora mstari mchangani. Kila familia itoe kijana, wakimbie. Atakayewahi gunia ni lake. Mimi ndiye niliyetangaza.

Yeye na dereva walikaa juu ya boneti wakinywa soda.

"Yule mwembamba ni wangu," bosi alisema, akiweka dau.

"Mkubwa, huyo hata upepo unamshinda."

Vijana walikanyagana. Yule mwembamba alianguka, akatapika maji matupu.

"Nilikwambia," dereva alisema, akapangusa povu la soda mdomoni. Walicheka.

Lakini waliowahi waliburuta magunia hadi kwa bibi mmoja mkongwe, wakayafungua. Akagawa kwa bakuli, nyumba kwa nyumba, hata kwa wasiokimbia. Kwetu ndivyo ilivyo: aliyepata siku ya njaa hali peke yake. Nami alininyooshea kiganja cha mahindi. "Shika, mwanangu. Jua limekuchoma kama sisi."

Bosi alinuna. "Wameharibu mchezo. Safari ijayo uwatangazie: familia itakayogawa, haitapata tena."

Riwaya ile sasa siwezi kuigusa. Tulisoma kurasa zilezile, na kumbe yeye alikuwa akifurahia pamoja na watawala.

Bosi hajui Kisomali, naweza kutangaza maneno mengine kabisa. Ila dereva anakijua, na humpelekea kila neno. Nikikataa, kazi imekwenda. Nikitii, nitamtazamaje bibi yule? Wakubwa wa Nairobi siwajui, wala sijui kama wataniamini. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini?

Nijibuni hapahapa ukurasani, mkiandika tu "kwa Mkalimani". Msitume barua ofisini, bosi huzifungua kwanza. Gazeti nitalisomea dukani kwa shangazi, nyuma ya pazia. Tafadhali msichelewe. Lori linaondoka mwisho wa mwezi, na kipaza sauti nitakishika mimi.