Mama na Jua la Evere

Mimi ndiye niliyechagua miezi. Mama alikuwa hajawahi kutoka Bukavu, na viza aliyopewa ilikuwa ya miezi mitatu tu. Basi nikajifanya mjanja: aje Mei, aondoke kabla baridi haijamkuta. Laiti ningejua!

Nilimwita kwa sababu moja. Wanangu wawili walizaliwa hapa Brussels, na hadithi za kwetu, za lugha yetu ya Kishi, nilikuwa nimezisahau nusu. Nilitaka wazisikie kinywani mwake, pamoja na nyimbo zake.

Sasa, kwetu hadithi hazisimuliwi mchana. Ni mwiko, na mama hakuwa mtu wa kuchezea miiko. Jioni ya kwanza wanangu wakamkalia miguuni. Akachungulia dirishani: saa tatu usiku, na jua bado linawaka juu ya magorofa ya mtaa wetu, Evere.

"Hii jua yenu haina kwabo ya kulala?" akauliza.

Nikafunga mapazia. Akanicheka mpaka akafuta machozi. "Unamudanganya nani, mwanangu? Tungoje tu."

Wakangoja. Kila jioni wakangoja, na kila jioni mimi nikaharibu. Nilikuwa nasafisha ofisi kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na sote tulilala chumba kimoja. Ikifika saa tatu na nusu, nafoka: "Batoto, mulale! Bon, nimesema!"

"Acha kidogo, giza iko karibu," mama ananiambia.

"Mama, kesho iko kazi!"

Hasira zangu hizi, Mungu anisamehe.

Katikati ya Agosti akaondoka, hajasimulia hata moja. Kwenye uwanja wa ndege alinikataza kulia, akasema atarudi miezi ya giza. Mwaka uleule vita vikaingia Bukavu. Mama alifia njiani akikimbia, na kaburi lake silijui mpaka leo.

Desemba hiyo, saa kumi na moja jioni, nje kumeshakuwa kweusi. Binti yangu akazima televisheni mwenyewe, akamvuta mdogo wake, wakakaa. "Maman, basi utuambie wewe."

Nikaanza ile ya msichana aliyeolewa na chatu. Tukafika penye wimbo. Hapo, nilipokuwa mdogo, mama ndiye aliyekuwa akiimba beti, sisi watoto wake tukiitikia. Nikaimba kiitikio. Wakakidaka palepale, wakaimba vizuri, jamani, vizuri mno. Kisha wakanitazama, wananingoja nitoe ubeti. Beti zilikuwa za mama; mimi nilikuwa na kiitikio tu cha kuwapa.

Wakaitikia tena, kwa sauti zaidi, wakidhani sikusikia kwamba ni zamu yangu.