Mshenga Kwenye Keria

Hapana bwana, hapo umekosea. Ati tulimbeba mzee wa watu kwenye baiskeli kama gunia la mahindi kwa sababu vijana hatuna adabu. Nani kakwambia? Ulikuwepo? Basi tulia nikueleze, na hao wenzako wanaochekea pembeni nao wasikie.

Ilikuwa miaka ile tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, pale Misima, nyumba zimepangwa mistari kama miche ya kahawa. Kiwanja cha pili kutoka kwetu walipewa swahiba wangu na mama yake. Walitoka Korogwe, kwenye kambi ya mkonge. Baba yake aliletwa kukata mkonge akiwa kijana, kutoka bara mbali huko, akakata mpaka akafia kambini. Huko alikotoka, mwanawe hajaonyeshwa hata kichuguu. Kambi ilipoanza kufungwa, mama yake akakumbuka ana shoga mmoja Handeni waliyezoea kuuziana mihogo gulioni. Shoga mwenyewe ni mama yangu. Wakaja na kitanda na sufuria, wakawa watu wa kwetu. Mimi nilimkubali siku ile ile. Aliyemwita mtoto wa manamba, wa vibarua wa mkonge, mbele yangu alijua atakachokipata.

Kabla hawajahamia kwetu, baba yake alipozikwa kule kambini, nilikwenda na mama yangu. Unajua desturi yetu, mtu akifa watani wanakuja, na sisi Wazigua watani wetu ni Washambaa. Wanamtukana maiti, wanashuka kaburini wanalala, wanasema hatutoki mpaka tupewe chetu, na wafiwa wanajikuta wanacheka na machozi yanawatoka. Sasa mzee yule watani wake wako huko kwao, nani angewaita? Alizikwa kimya. Udongo tu unasikika. Tunarudi njiani swahiba wangu akaniambia, "Umeona? Hakuna hata mtu mmoja aliyemtukana baba." Neno hilo sijalisahau.

Haya. Akaja kumpenda msichana wa Kishambaa, wa Mashewa, anayeshuka sokoni Korogwe na ndizi na magimbi. Swahiba wangu akawa haishi safari za Korogwe, mara ana mahindi ya kuuza, mara hana, anakwenda tu. Mwisho msichana akamwambia wazi: "Baba atapokea wageni wako Ijumaa, baada ya swala ya alasiri. Usipotokea, Jumapili wanakuja watu wa Bumbuli kuniposa, na baba alishawarudisha mara moja, hatawarudisha tena."

Mshenga tulikuwa naye, mzee wetu mmoja aliyeposea nusu ya kijiji, mdomo wake asali. Tukapanga basi la Alhamisi. Alhamisi asubuhi tukaletewa habari kwamba basi limevunjika springi, limelala porini, na fundi hajulikani atatoka wapi. Swahiba wangu alikaa chini pale pale barabarani. Mimi nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, maana baiskeli ya kijiji inalala kwake.

"Baiskeli ni mali ya umma," akasema. "Si ya kuolea."

"Shikamoo mzee. Na huyu swahiba wangu je, siku ya shamba la kijiji si ndiye umma? Mbona jembe lake mnalijua?"

Akanitazama sana. Kisha akaingia ndani akaitoa. Ya pili tukaazima kwa fundi cherehani, haina breki hata moja. Mzee mshenga akazunguka ile ya kijiji akiikagua kama anayenunua ng'ombe, akatandika kanga ya mkewe kwenye keria, akakaa upande na bakora yake magotini. "Bismillahi," akasema. "Mkiniangusha nitawaposea vikongwe."

Sasa wewe unayesema kama gunia. Gunia linasema? Yule mzee alisema njia nzima! Kwenye mchanga tunashuka tunasukuma, yeye juu anatuhesabia makosa. Kwenye vilima vya Sindeni akashuka mwenyewe bila kuombwa, akatembea nyuma akitushikia keria, anasukuma na yeye. Mteremkoni ndiko kulikuwa na kazi. Swahiba wangu na mzee wanatangulia na breki yao, mimi nyuma na kikapu cha jogoo na sukari, breki yangu ni katambuga, kiatu cha tairi, nimeutia mguu kwenye gurudumu la nyuma mpaka mpira unanuka moshi. Jogoo analia. Mzee bila kugeuka anapiga kelele, "Usimchome jogoo kabla hajafika!"

Jua linaelekea kuzama tukavuka daraja la Pangani, tukapita stesheni ile ya tangu enzi ya Mjerumani, mawe yake meusi kwa moshi wa treni. Tukalala kambini, kwa jirani yao wa zamani. Asubuhi swahiba wangu akatupitisha makaburini. Kaburi la baba yake lina mkonge umejiotea juu yake. Akaung'oa, akasema, "Mzee, wataniuliza kwetu wapi. Niwaambie nini?" Mshenga akaanza kulisafisha kaburi kwa bakora yake.

Maana hilo ndilo lililokuwa linatukaba. Umaskini si kitu, wote tulikuwa maskini. Lakini baba wa Kishambaa atauliza ukoo. Nani babu yako, mmezika wapi watu wenu. Ukikosa jibu, chai unakunywa na mtoto hupewi.

Njia ya Mashewa inaanza tambarare, unaona milima upande mmoja imekaa kama wakubwa barazani. Ukipita Kerenge inaanza kunyanyuka kidogo kidogo, unashtukia unapiga pedeli umesimama. Cheni ikatoka mara sijui ngapi. Kilima cha mwisho tukakipanda tunasukuma, ulimi nje, mzee mshenga ameshika usukani upande mmoja. Hapo akatokea mtu shambani, mtu mzima, panga kiunoni, migomba nyuma yake. Akasimama katikati ya njia akashika baiskeli ya kijiji kwa usukani.

"Mnatoka wapi?"

"Handeni," nikamjibu.

"Ahaa! Wazigua! Njaa imewatoa tena? Baiskeli hii imeingia nchi ya Washambaa bila hodi. Nimeitwaa."

Mimi hapo damu imeshapanda, utani nimeusahau, nusura nimrukie, tumechelewa na alasiri inakaribia. Swahiba wangu akanivuta nyuma. Akamtazama yule mtu kutoka miguuni mpaka kichwani, polepole, halafu akaanza.

"Njaa tunayo, hatukatai. Lakini sisi tukila tunashiba. Nyie mkioga mnakufa!"

"Nani asiyeoga?"

"Wewe! Baridi ya huko juu imekukunja mpaka umekuwa kama kiazi. Ukishuka tambarare watoto wanakuokota wanakupika!"

"Kiazi ni chakula. Nyie mnachimba mizizi porini mnagombana na nguruwe!"

"Na nguruwe wanatushinda, ndiyo maana tumekuja kuchukua binti zenu waje watusaidie kuchimba!"

Yule mtu akacheka mpaka panga likagonga jiwe. Bado kashika usukani. Swahiba wangu akamsogelea, akaingia Kizigua chenyewe, kile alichofundishwa na bibi yangu wakimenya mihogo, matusi ambayo mimi mwenyewe sikuyajua yote. Akamaliza kwa Kiswahili ili kila mtu asikie:

"Siku ukifa, nakuja na baiskeli hii hii. Nalala kaburini mwako, nakula ubwabwa humo humo, na sitoki mpaka wajukuu zako walie kwa kucheka. Sasa achia, babu kiazi!"

Akaachia. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye migomba yake.

Tukafika nyumbani kwa msichana watu wanatoka msikitini. Tukanawa, mshenga akavaa kanzu, tukakaribishwa ndani. Baba mtu kakaa, wazee wake pembeni. Akaingia mtu wa mwisho, kanzu nyeupe, uso umeoshwa, na wote wakampisha nafasi ya mbele. Mjomba wa msichana, ndugu mkubwa wa mama yake. Bila yeye binti haolewi. Nikamtazama. Babu kiazi.

Swahiba wangu alishusha macho kwenye mkeka.

Mshenga akaongea, na kweli mdomo wake asali. Baba mtu akasikiliza mpaka mwisho, akauliza lile lile.

"Tumesikia. Ni mchapakazi, ana adabu. Lakini kijana huyu kwao wapi? Nasikia baba yake alikuwa mtu wa mkonge. Ukoo wake nani anaujua?"

Mimi nikaanza kunyanyuka, nilitaka kusema kwao ni kwetu, anayebisha aje nje. Mjomba akaninyooshea kidole nikae.

"Kwao nakujua mimi," akasema. "Huyu ni Mzigua. Amenitukana kilimani leo. Nimetukanwa na Wazigua tangu nikiwa mtoto, mtu wa kuigiza ningemjua."

Wazee wakaangaliana. Baba mtu akasema, "Shemeji, tusitanie. Hili ni jambo la binti."

"Sitanii. Ameahidi kulala kaburini mwangu." Akamgeukia swahiba wangu. "Ulisema kweli au ulitaka baiskeli?"

Swahiba wangu akanyanyua uso. "Kweli, mjomba. Baba yangu alizikwa hakuna aliyemtukana. Wewe sitakubali uzikwe hivyo."

Mjomba hakucheka safari hii. Akasugua goti. "Basi mnasikia," akawaambia wenzake. "Mtu atakayenizika mnaniuliza kwao wapi?"

Watu wa Bumbuli hawakupokewa, binti tukapewa sisi. Kurudi tulishuka kile kilima mimi na katambuga langu, mzee mshenga anaimba kwenye keria, na baiskeli ya kijiji tukaikabidhi haina hata mkwaruzo, muulize mwenyekiti.

Na mjomba yule amefariki juzi juzi. Swahiba wangu alikwenda, kwa baiskeli, akashuka kaburini mzima mzima, akamtukana mpaka wanawake wakashika mbavu. Nilikuwepo, nilisimama juu nikimshikia viatu, nikalia.

Sasa wewe, unayekaa hapa mpaka leo unasema swahiba wangu hana kwao, hebu nijibu: siku ukifa, nani atakuja kukutukana?