Fundi wa viti aliyewasimamisha wanaume wa Kef

Saa moja na robo asubuhi, mkahawa wa Tijani Mathluthi umejaa pomoni, na hakuna hata mtu mmoja aliyeketi.

Wanaume zaidi ya ishirini wamesimama, glasi za kahawa mkononi, wakivikodolea macho viti vilivyopakwa rangi mpya. Dorsaf Ghribi, fundi aliyevipaka, amepiga magoti karibu na mlango akimalizia mguu wa kiti cha mwisho. Anajitahidi asicheke.

"Kaeni basi, jamani. Rangi imekauka tangu juzi."

"Nikae wapi, dada?" anafoka Lazhar, dereva wa lori la ngano. "Nimkalie mama yangu usoni?"

Hapo ndipo penye kasheshe. Kwenye kikalio cha kila kiti kuna sura ya mwanamke, na karibu kila mmoja ni mama wa mwanaume aliyemo humu.

Dorsaf, mwenye miaka thelathini na minne, alisomea uchoraji Tunis. Alirudi Kef, mji wa kwao huko huko Tunisia, baada ya kugundua kuwa watu husifu picha lakini hununua viti. Siku hizi hulipwa dinari nane kwa kiti, na anachochora kwa ajili ya nafsi yake ni jambo moja tu: nani ana mahali pa kukaa mjini humu, na nani hana.

"Wanawake wa hapa ni wa kupita," ananiambia. "Sokoni tunapita, stendi tunapita, mkahawani tunapita mbio kabisa. Kukaa ni kwa wanaume."

Tijani alipompa viti ishirini na vinne, Dorsaf aliomba achore sura za watu. Tijani akakubali, akidhani atachorewa wachezaji mpira. Dorsaf naye akamwomba kila mteja, na Tijani mwenyewe, amletee, kwa siri, picha ya mtu anayemheshimu kuliko wote duniani.

"Nilitegemea mashehe na magolikipa," anasema. "Wallahi nikaletewa akina mama ishirini na watatu!"

Ndivyo tulivyo. Mke hatajwi mkahawani hata kwa jina, lakini mama ni mama, na kila mmoja alijiona ndiye mwana mwema peke yake. Hakuna aliyeuliza atachorwa sehemu gani ya kiti. Nilipomuuliza Dorsaf kama alikusudia, alichovya brashi kwenye rangi na kuendelea kupaka mguu wa kiti.

Lazhar anamgeukia jirani yake, kinyozi Bechir. "Tubadilishane. Mimi nikae kwa mama yako, wewe kaa kwa wangu."

"Thubutu!" Bechir anaweka glasi chini na kukunja mikono ya shati.

"Tutandike magazeti," anasema mwingine.

"Umfunike mama yako gazeti usoni kama maiti? Huna haya?"

Tijani anapiga meza. "Mtu akikaa anakunywa tatu na kucheza karata mpaka mchana. Akisimama anakunywa moja, huyoo! Binti, unanifilisi. Kabla ya adhana ya adhuhuri nataka viti vyote vikwanguliwe, vipakwe kahawia."

Dorsaf anaacha kucheka. Anakitazama kile kiti cha ishirini na nne, ambacho hakuna mteja aliyekiletea picha. Aliyechorwa pale ni Mahbuba, mama yake mzazi, aliyeosha glasi za mkahawa huu kwa miaka kumi na tisa, wima, kwenye mlango wa nyuma. Alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi. Dorsaf alimchora kwa kukumbuka tu.

"Vingine kwangua, Ami Tijani," anasema taratibu. "Hiki niachie."

"Vyote."

Tijani anatoa msasa na kuwagawia watu. Kila mmoja anaupokea, anamwangalia mama yake, anaurudisha. "Anza na wako," wanamwambia. Kwa hasira Tijani anainama juu ya kiti cha mama yake mwenyewe.

"Unaufanya nini uso wangu, Tijani?"

Ni Bi Mbarka, mama yake, miaka sabini na minane. Habari zimemfikia kwa mwoka mikate. Tijani anauficha msasa mgongoni.

"Nakupangusa vumbi, mama."

Bi Mbarka anainama, anajitazama kwa muda. "Pua hii si yangu," anamwambia Dorsaf. "Umeipunguza. Ahsante, mwanangu."

Kisha anakusanya mtandio wake, anageuka, na kujikalia usoni.



"Uso wangu, makalio yangu. Nani ana neno?" anauliza. "Lete kahawa, Tijani. Miaka arobaini nakusikia ukiisifu."

Habari zinaenea, na kufikia saa nne akina mama kumi na mmoja wameketi ndani, kila mmoja juu ya sura yake. Mama yake Lazhar anamfokea mwanawe kwa jinsi anavyoshika karata. Wanaume wako nje, juu ya kreti za soda, na ndio wanaoagizwa walipe. Tijani haongelei tena msasa.

"Na wewe kaa," Bi Mbarka anamwambia Dorsaf, akionyesha kiti cha ishirini na nne.

Dorsaf anakisogelea, anasita, machozi yanamlengalenga. "Siwezi, Bibi. Ni mama." Anaangua kicheko na kilio pamoja. "Kumbe na mimi ni wale wale!"

Bi Mbarka ananyanyuka. "Basi kaa juu yangu mimi. Mahbuba nitamkalia mimi. Tumepiga soga miaka mingi mlango wa nyuma, hatanuna."

Wanabadilishana bila ugomvi wowote. Dorsaf anaketi, anaegemea, anaitazama barabara ambayo siku zote ameipita mbio. Ananiambia mwezi ujao ataenda kuomba apewe mabenchi ya stendi ya mabasi.

Tijani analeta glasi mbili, alizoziosha mwenyewe. "Na hizi," anauliza, "nani analipa?"

"Mahbuba," anajibu mama yake. "Alishalipa."