Maman Mathilde Hasadiki Bunduki Zikinyamaza

Maman Mathilde hasadiki kitu. Samaki wa hapa Matonge, mtaa wetu wa Waafrika huku Ulaya, anamnusa mara mbili kabla ya kulipa, na padri akisema leo misa itakuwa fupi, yeye anabeba biskuti. Mimi Laetitia ninasuka nywele naye katika saluni moja karibu na Porte de Namur, miaka sasa, na bado akitoka msalani anakagua pochi yake mbele yangu. Mbele yangu! Ninakasirika, halafu ninacheka.

Lakini siku ile waliyotangaza kwamba mapigano ya Gaza yamesimama, sikucheka.

Télé ilikuwa inaonyesha watu wakishangilia, na wakubwa wa Ulaya wakibishana kama amani hiyo itadumu. Wateja wetu nao wakabishana, vichwa nusu vimesukwa. Nidal, bwana wa Gaza anayetengeneza simu pale kwenye kona ya mlango wetu, alikuwa ameshika simu tu. Mama yake yuko hemani, kusini. Anataka kurudi leo leo kaskazini, kwenye nyumba yao iliyobomolewa. Anamuuliza mwanawe: niende?

"Umukataze!" Maman Mathilde akadakia. "Cessez-le-feu, hiyo kusimamisha vita, ni ya bale bantu ya kwenye meza ya mazungumzo. Kwetu Rutshuru walitangaza, ndugu yangu Bienfait akarudi kuangalia nyumba. Bon. Wakapiga tena. Hatujamuona mpaka leo."

"Maman, acha kumutia muntu woga," nikamwambia, nimechoka naye kabisa.

"Nyamaza, Laetitia. Uliza kwanza: wakubwa wamerudisha batoto yao kule? Wakirudisha, na yeye arudi."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, hilo najua. Ila uso wa Nidal ulikuwa umeshaanguka. Akaweka simu kwenye spika, akamwambia mama yake kwa Kiarabu, kama alivyotueleza baadaye, asiende, kuna maman hapa anayajua haya mambo, yalimchukulia ndugu.

Sauti ya yule mama ikaja taratibu, Nidal akitutafsiria kwa Kifaransa kidogo kidogo.

"Anakupa pole ya ndugu yako. Anasema yeye pia hawaamini hao waliotangaza. Hata kidogo."

"Alors? Si abaki!"

"Ndiyo maana anataka kwenda leo, kabla hawajaanza tena." Nidal akatugeukia. "Baba yangu yuko chini ya ile nyumba. Anaenda kumtoa, amzike."

Yesu wangu. Maman Mathilde alishika kitana hewani, na mteja wake hakuthubutu kugeuza shingo. Mimi nilitaka kumshika Maman mkono, nikaogopa.

"Muambie aende," akasema mwishowe. "Aende mbio, na majirani wamusaidie. Sisi tuliogopa kwenda kumutafuta Bienfait. Tulisema tungoje kwanza amani ya kweli." Akakiweka kitana chini. "Tunaingoja mpaka sasa, na yeye hana kaburi."