Mbio za Hesabu kwa Lugha Tatu

Enzi zetu, ninyi mliosoma nasi mtakumbuka, shule ya milimani ilianza na mchakamchaka ndani ya ukungu, miguu peku, meno yanagongana kwa baridi. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na agizo jipya lilikuwa limetufikia: masomo yote ni kwa Kiswahili. Mimi nilifurahi. Baba alikuwa mchuma chai upande wa Bumbuli, mgeni kutoka mbali, na nyumbani tuliongea Kiswahili tu. Lakini rafiki yangu Salome, mtoto wa wakulima wa Kishambaa, Kiswahili kilimkwamisha.

Kwenye hesabu za kichwa, mwalimu akiuliza, "Saba mara nane?", Salome alitazama dari, midomo ikicheza. Kabla hajafungua kinywa, wengine tulikuwa tumeshapaza sauti. Wakamwita mzito.

Siku moja baba yake akatokea mlangoni, jembe begani.

"Shikamoo, baba Salome," alisema Mwalimu Mariamu, binti wa pwani aliyetoka chuoni juzijuzi.

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kumchukua huyu. Kama hesabu hazimwingii, bora tukalime viazi."

Salome akaanza kufunga madaftari yake, machozi yanamdondoka. Mwalimu akamwomba mzee asubiri kidogo, akatuita mbele watatu. Mimi nihesabu kwa Kiswahili. Eliakimu, aliyejigamba kwamba kaka yake karani amemfundisha Kiingereza, ahesabu kwa Kiingereza. Salome ahesabu kwa Kishambaa.

"Kishambaa darasani?" mzee akashangaa.

"Leo tu, baba."

Hesabu zilikuwa za uzito mmoja ubaoni, kila mmoja na zake kwa zamu yake, na darasa likipiga makofi taratibu kupima nani atamaliza mapema. Eliakimu akaanza kwa mbwembwe, "Seveni, eiti...", akakwama hapohapo. Tulicheka mpaka tukashika matumbo. Mimi nikakimbia vizuri, nikarudi kukaa na ushindi wangu.

Kisha Salome. Safari hii hakutazama dari. "Mfungate... kenda..." Yale maneno yake, saba na tisa za Kishambaa, yalimtoka kama maji ya mfereji. Mwalimu hakujua Kishambaa, ikabidi baba mtu atafsiri majibu. Akatafsiri la kwanza kwa sauti kubwa, la pili kwa sauti ya chini, na la mwisho kama anajisemea mwenyewe. Yote sahihi, na makofi ya zamu yake yalikoma mapema kuliko ya zamu yangu.

"Kumbe kichwa kizima," alisema mzee. Akachukua jembe lake. "Jioni upitie kuni, Salome." Akaondoka peke yake.

Tangu hapo Salome alipoulizwa, Mwalimu Mariamu alituinulia mkono: "Tumngoje." Tukamngoja, mpaka Kiswahili chake kikamkaa. Alikuja kuwa mkunga, na wanangu wote aliwapokea yeye.

Siku hizi mjukuu wangu Baraka hata kujumlisha nyanya sokoni anatoa simu. Juzi alikuwa anashindanisha lugha za kompyuta. Kaipa kila moja kazi ileile, eti aone ipi inamaliza haraka. Mimi niliona zote zimemaliza kufumba na kufumbua.

"Na iliyochelewa utaifanyaje?" nikamuuliza.

"Naiacha tu, bibi."

Nikamtengea chai. Sisi aliyechelewa tulimjua jina, na kwao tulikujua.